Siku za Tope na Siku za Vumbi

Mtu anayetaka kulinganisha magari mawili ya zamani kwa haki asihangaike kutafuta uwanja wa mashindano. Aje Same. Mji huu umekaa kwenye tambarare kame, miguuni pa milima ya Upare Kusini, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita hapo hapo. Ukifuata lami, unakwenda kusini kupitia Makanya na Hedaru, au kaskazini kuelekea Mwanga, kwa mwendo usiokudai kubadili gia mara kwa mara. Ukiiacha lami ukageukia mlimani, njia za Mwembe na Mbaga, za Vudee, Suji na Chome zinakutoa kwenye miiba ya tambarare na kukupandisha hadi kwenye migomba, na juu yake msitu wa Shengena ambao kilele chake kina mita 2,462. Ukizungukia mashariki, iko barabara ya chini ya Kisiwani, Gonja Maore, Ndungu na Kihurio, mlima ukiwa mkono mmoja na mbuga ya Mkomazi mkono wa pili. Wilaya ambazo gari moja, kwa siku moja, linakutana na lami, changarawe, mawe, vumbi na udongo mwekundu wa mlimani ni chache nchini, na gari lenye udhaifu wowote haliwezi kuuficha hapa kwa muda mrefu.

Magari ninayotaka kuyapima ni Land Rover 109 ya toleo la tatu, lile la Series III, na Peugeot 504. Ni magari ya rika moja. Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968, na mwaka 1969 ikachaguliwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Series III ilianza kutengenezwa mwaka 1971 na kuendelea hadi 1985. Nchini kwetu yote mawili yalitumika katika zama zile zile za mashirika ya umma na ofisi za serikali. Land Rover ilibeba polisi, mabwana shamba, wagonjwa wa hospitali za misheni, na abiria wa milimani waliokaa nyuma kwenye mabenchi wakitazamana, magoti kwa magoti. Peugeot ilibeba wakurugenzi na ikafanya kazi ya teksi. Ilipokuja kama stesheni wagoni au pikapu, ilibeba familia, magunia na yeyote aliyepata nafasi. Kutokana na mgawanyo huo wa kazi tukajijengea hukumu ambayo watu wengi wa Same na Mwanga wanaisema mpaka leo bila kusita: Land Rover ni gari la mlimani, Peugeot ni gari la lami. Naamini hukumu hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayogusa usalama wa watu. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kwa sehemu kubwa ya barabara hizi za milimani, gari lililomtii dereva zaidi lilikuwa Peugeot.

Tuanze na maumbile yenyewe. Namba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani karibu mita 2.77. Peugeot 504 ya saluni ina mita 2.74. Kwa kipimo hicho magari haya ni ndugu, na ndiyo maana ulinganisho wao unafundisha. Baada ya hapo yanaachana kabisa. Land Rover ina kimo cha mita mbili hivi, lakini umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia ni takriban mita 1.3 tu. Peugeot ina kimo cha mita 1.46, na matairi yake yametanuka kidogo kuliko ya Land Rover. Land Rover imejengwa juu ya chasisi ya chuma, ekseli ngumu mbele na nyuma, springi za mabamba pande zote nne, na breki za drami kwenye kila tairi. Peugeot ya saluni haina chasisi ya peke yake, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ina springi za koili zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, breki za diski mbele, na usukani wa meno unaopeleka mkono wa dereva moja kwa moja kwenye tairi. Injini ya Land Rover ina sentimita za ujazo 2,286, na ya petroli inatoa nguvu farasi 70 hivi. Ile ya lita mbili ya Peugeot ina sentimita za ujazo 1,971, na inatoa zaidi ya farasi 90 katika gari jepesi zaidi kwa mamia ya kilo. Kwenye lami kutoka Same hadi Mwanga hakuna cha kubishania. Mzozo unaanza pale lami inapokwisha.

Barabara za Upare hazikuchorwa zote na wahandisi. Nyingi zilichimbwa na kutunzwa kwa msaragambo, watu wakitoka kwa vitongoji na majembe na sururu zao, na njia ikafuata mahali ambapo mlima uliruhusu. Heshima ya kazi hiyo ni kubwa, nami siipunguzi. Ila matokeo yake kwa dereva ni kona nyingi, fupi, zenye upana wa gari moja na nusu, na mara nyingine uso wa barabara umelala kuelekea bondeni badala ya kuelekea mlimani. Gari linalopita hapo linajibu swali moja kabla ya mengine yote: uzito wake unaegemea wapi linapokata kona? Gari refu kwenda juu, lenye tairi zilizokaribiana, linaegemea nje. Likiwa na mizigo kwenye keria, linaegemea zaidi. Dereva wa 109 anaijua hali hii mwilini mwake, na ndiyo sababu anakwenda polepole. Busara yake ndiyo iliyoifanya Land Rover ionekane salama. Mwenye 504, kwa mwendo ule ule, anaegemea kidogo na ana akiba ya kurekebisha kosa. Akiba hiyo ndiyo ninayoiita utii: nafasi inayobaki kati ya kosa la dereva na korongo.

Tena kona za Upare zinahesabu kitu kingine ambacho vitabu vya mauzo vilikitaja kwa haraka. Land Rover 109 inahitaji duara la zaidi ya mita 14 ili igeuke, kwa kuwa ekseli yake ya mbele inayozungusha matairi hairuhusu yakunjwe sana. Peugeot, yenye urefu ule ule kati ya ekseli, inageuka ndani ya mita 11 hivi. Kwenye barabara kuu mita hizo tatu hazina maana. Kwenye kona iliyokunjwa mlimani zina maana kubwa, kwa sababu gari lisilogeuka kwa mara moja linalazimika kurudi nyuma, na nyuma ni ukingo. Madereva wa 109 waliofanya kazi hii miaka nenda rudi walikuwa na ustadi wa ajabu wa klachi, breki ya mkono na jiwe lililoshikwa na utingo tayari kuwekwa nyuma ya tairi. Tunawasifu, na wanastahili. Lakini ustadi huo ulikuwa unafidia upungufu wa gari.

Sasa nifike kwenye kile ambacho kila mtetezi wa Land Rover anakitaja kwanza, yaani kuvuta kwa matairi yote manne. Katika Series III nguvu ya mbele haifanyi kazi wakati wote. Dereva anabonyeza kitufe cha njano ili kuiunganisha, au anavuta kijiti chekundu kuingia kwenye gia nzito, na hapo ekseli ya mbele inaungana yenyewe. Gari hili halina difu ya katikati ya kuruhusu matairi ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukiliendesha hivyo kwenye ardhi ngumu na kavu, hasa kwenye kona, unaukaza mfumo mzima mpaka kitu kivunjike. Kwa hiyo dereva mwangalifu, kwenye barabara kavu, anaachia. Maana yake ni kwamba kuanzia Juni hadi vuli inapoanza, na tena katika wiki kavu za Januari na Februari, Land Rover inayopanda Mbaga ni gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, sawasawa na Peugeot, isipokuwa ni zito zaidi, refu zaidi kwenda juu na lina breki dhaifu zaidi. Sifa iliyolipa jina lake inakuwa imelala.

Siku za vumbi ni nyingi kuliko siku za tope. Same iko kwenye kivuli cha mvua. Masika huja Machi hadi Mei, vuli huja Oktoba hadi Desemba, na hata ndani ya miezi hiyo kuna wiki nzima zisizo na tone. Kinachomngoja dereva siku za vumbi ni changarawe iliyokauka na vile vituta vidogo vidogo vinavyofuatana bila kikomo, kama vilivyokuwa vikikutwa kwenye barabara ya Kisiwani na Gonja kila greda lilipochelewa kurudi. Hapo springi za mabamba, zilizowekwa ili kubeba mzigo mzito, zinalirusha gari tupu. Tairi linaruka kutoka kituta hadi kituta, na tairi lililo hewani halina breki wala usukani. Mtu aliyekaa nyuma ya 109 anadhani tatizo ni mgongo wake tu. Mgongo ni sehemu ndogo. Gari lililokuwa linapita kwenye kona likirushwa namna hiyo linahama upande, hatua kwa hatua, bila usukani kuguswa. Springi za Peugeot zilikuwa laini na zenye safari ndefu, na shokamzoba zake zilitengenezwa na Peugeot wenyewe kwa nia ya kulibakiza tairi chini. Hilo ndilo linaloifanya 504 ipite barabara mbovu kwa utulivu ambao watu wanauita starehe. Starehe ile ilikuwa ni matairi manne yanayogusa ardhi.

Uchovu pia ni sehemu ya jinsi gari linavyoendesheka, ingawa hakuna kipimo chake kwenye karatasi ya kiwanda. Dereva wa 109 anapambana na usukani mzito, kelele za giaboksi, joto la injini miguuni na kiti kilichobanwa karibu na mlango. Baada ya saa tatu za hali hiyo uamuzi wake unapungua, na njia ya kurudi mara nyingi ni ya jioni, ya kushuka, gari likiwa limejaa. Dereva wa 504 anafika kituo cha mwisho akiwa na nguvu iliyobaki. Sijui kwa nini tunaposimulia safari za milimani tunahesabu vilima na mito lakini hatuhesabu macho ya dereva.

Kama hayo ni kweli, kwa nini kumbukumbu ya watu imeelemea upande mmoja? Nadhani ni kwa sababu kukwama kunaonekana. Gari lililozama matopeni siku ya masika linakusanya kijiji kizima. Watu wanakata matawi, wanasukuma, wanachafuka, na habari inasimuliwa kwa miaka. Land Rover inayopita pale, kijiti chekundu kimevutwa, matairi yote yakichimba, inaacha picha isiyofutika. Lakini kona iliyokatwa salama tarehe kumi Agosti haina msimulizi. Hakuna anayefika nyumbani na kusema: leo gari lilitaka kuhama, likatii. Kwa hiyo tumebaki na ghala la siku za tope, na kutoka kwenye ghala hilo tumechagua gari bora. Uwezo wa kupita na uwezo wa kutii ni mambo mawili. Wa kwanza una mashahidi wengi. Wa pili una mashahidi pale tu unapokosekana, na wakati huo mara nyingi tunamlaumu dereva au tunasema ni ajali ya Mungu.

Mpinzani wangu atasema: sawa, lakini hata siku za tope chache zinatosha, kwa sababu gari lisilopita siku hizo halina kazi mlimani. Hoja hii ina uzito, na ushahidi mzuri wa kuipima uko kwenye mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanzania kabla ya kubaki Kenya peke yake katikati ya miaka ya 1970. Miaka miwili inakumbukwa kwa mvua na matope kuliko mingine yote, 1963 na 1968. Katika kila mwaka yalianza magari zaidi ya 80, na yakamaliza saba tu. Mshindi mara zote mbili alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, mama yake 504, gari la saluni linalosukumwa na matairi mawili ya nyuma. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, tena kwa 404. Kisha 504 yenyewe ikaja kushinda mwaka 1975 ikiwa mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 ikiwa kupe ya injini ya V6 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Sitaki kuutumia ushahidi huu kupita kiasi. Land Rover haikuwa ikishindania kombe lile, kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa ilishindwa. Ninachosema ni kwamba madai ya kuwa Peugeot haina lolote la kufanya kwenye tope la Afrika Mashariki yanagongana na miaka miwili mibaya kuliko yote.

Wapo watakaojibu kwamba rali ni kazi ya mabingwa, wenye mafundi njiani na matairi mapya, wakati dereva wa Vudee ana tairi kipara na jeki iliyopinda. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini tuangalie inatupeleka wapi. Bingwa anahitaji gari linalomsamehe kidogo kuliko dereva wa kawaida anavyohitaji. Kama Nowicki aliona faida kwenye gari lenye springi laini na uzito uliokaa chini, dereva mchovu mwenye tairi kipara ana faida kubwa zaidi ya kupata kutoka kwenye tabia hizo hizo. Na kuhusu tope lenyewe, wengi waliofanya kazi na pikapu za Peugeot wanajua kwamba pikapu tupu inazungusha matairi bure kwenye utelezi, lakini ukiweka magunia machache juu ya ekseli ya nyuma inapanda. Haipandi kila mahali. Inapanda mahali pengi kuliko sifa yake inavyosema.

Kuna mahali Land Rover inashinda, na inashinda bila mjadala: kushuka. Kwenye gia nzito, namba moja, injini ya 109 inazunguka mara 40 hivi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Gari linateremka kwa mwendo wa mtu anayetembea, mguu ukiwa mbali na breki, injini ikilizuia. Peugeot katika gia yake ya kwanza haifiki hata nusu ya hapo. Mteremko ukiwa mrefu, umelowa, gari limejaa, dereva wa Peugeot analazimika kukanyaga breki tena na tena, na hata breki za diski zina mwisho wa uvumilivu wao zinapochemka. Mtu anayeshuka na mzigo kutoka Mbaga wakati wa masika, na akawa na uchaguzi, achukue Land Rover. Ninachoomba ni kwamba tuuone ushindi huu kwa ukubwa wake halisi. Miteremko inayodai gia nzito ipo, inajulikana kwa majina, na kila dereva wa huko anaweza kukutajia. Sehemu iliyobaki ya njia, ambayo ndiyo ndefu, ni kona, vituta na changarawe. Tena, gia nzito inasaidia tu pale inapotumika. Dereva anayeona gari lake ni imara, akaharakisha kwa gia ya tatu akitegemea drami nne zilizojaa vumbi, ameiacha sifa pekee iliyolifanya gari hilo kuwa bora kwa mteremko.

Hoja ya mzigo inafanana na hiyo. Milima ya Same inalisha masoko ya mbali: tangawizi ya Mamba Miamba, maharage, ndizi, kahawa. Mkulima hahitaji gari la kukata kona vizuri kama haliwezi kubeba magunia yake hadi barabarani. Land Rover ilibeba, na springi zake ngumu zinazolirusha gari tupu zinatulia mzigo unapoingia. Hilo nalikubali kama ubora halali wa muundo wake. Hata hivyo kubeba kwenyewe kulizaa mazoea mabaya. Gari lililoaminiwa kuwa haliwezi kushindwa lilipakiwa mpaka juu ya keria, na watu wakakaa juu ya mizigo. Kwa kipimo cha takriban mita 1.3 kati ya matairi, kila gunia la juu linahamisha uzito mahali ambapo gari hili ni dhaifu kuliko pote. Peugeot, kwa kuwa ilionekana laini, ilipakiwa kwa woga zaidi, na woga huo uliokoa wengi kuliko tunavyofikiri.

Hoja ya mwisho ndiyo inayopendwa zaidi, na inaonekana haina jibu. Nenda leo ukaangalie: Land Rover za miaka hiyo bado zipo, Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha zima la kuzikusanya, wakati Peugeot 504 imebaki kuwa ganda nyuma ya gereji. Lililobaki si ndilo bora? Hapana, lililobaki ni lile linaloweza kutengenezwa tena. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu iliyofungwa kwa bolti juu ya chasisi. Fundi anaifungua kipande kwa kipande, anachomelea chasisi, anabadilisha injini nzima kwa ya gari lingine, na gari linaendelea kuitwa lile lile. Peugeot ya saluni, bodi ikiliwa na kutu mahali pa kushikilia springi, imekwisha. Hiyo ni tofauti ya kweli, na kwa nchi iliyopitia ukame wa spea baada ya vita vya 1978 na 1979 na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata, ilikuwa tofauti ya kufa na kupona. Kisha ikaja bajeti ya mwaka 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, mwana wa Usangi, iliyoruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Pikapu za Kijapani zikaanza kuingia, na baadaye mitumba kwa wingi. Spea zilifuata magari mapya. Peugeot iliondoka Same kwa sababu za biashara, fedha na kutu. Hakuna kona ya Upare iliyoifukuza. Kudumu ni sifa njema, ila haijibu swali la gari linavyoshika barabara, na tunapotumia jibu la swali moja kujibu lingine tunawapotosha wanaonunua magari leo.

Na kwa kweli hao ndio wanaonifanya niandike. Kumbukumbu ya Land Rover imetuachia imani kwamba gari la mlimani ni gari lililoinuka, na imani hiyo sasa inatekelezwa kwa spesa. Mtu ananunua IST au Noah iliyoundwa kwa mitaa ya Japani, anaipeleka kwa fundi, wanainyanyua kwa vipande vya mpira au chuma juu ya springi, kisha anaipandisha mlimani ikiwa na abiria waliojaa na mizigo juu. Amepata kimo cha Land Rover bila gia nzito, bila chasisi, bila ekseli zake. Amechukua udhaifu wa 109 na kuacha ubora wake, na wakati huo huo ameipoteza sifa ya 504 ambayo gari lake lilikuja nayo kutoka kiwandani, yaani uzito uliokaa chini. Nikisema hivi naambiwa barabara ina mawe na gari litagusa tumbo. Litagusa, mahali pachache ambapo dereva wa njia ile anapafahamu na anaweza kupunguza mwendo au kuwashusha abiria. Kona ziko kila mahali, na hakuna anayewashusha abiria kwenye kila kona. Fedha ya spesa ingetosha kuanza na shokamzoba mbili za mbele na bushi zake. Inayofuata iende kwenye tairi za nyuma kabla hazijawa kipara, na breki zifunguliwe na kusafishwa vumbi kabla ya masika. Hizo ni kazi ambazo gereji yoyote ya Same inazifanya.